Mchungaji Alisoma Blogu Yangu, Akaiita Unabii

Admin, jina langu libaki kwako. Wanaosali nasi hapa Stockholm wakisoma watanihisi tu, lakini wacha wabahatishe.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mkongo wa Uvira, nasomea uhandisi wa kompyuta huku Kista. Naishi na mama yangu Vårby gård. Dada yangu mkubwa anasomea uuguzi na amepanga chumba Flemingsberg. Kwetu sisi dada mkubwa au kaka mkubwa anaitwa yaya. Shikeni neno hilo, ndilo lililotuvurugia nyumba.

Nina blogu ndogo ya Kiswahili. Nikifeli mtihani naandika, nikitengeneza kitu naweka picha. Nimeshatengeneza kengele ya mlango inayonitumia ujumbe kwenye simu, na kipimajoto cha dirishani kinachonipigia kelele kukiwa na barafu. Vifaa naokota kwenye chumba cha taka cha jengo letu, maana Waswidi wanatupa printa nzima eti imeisha wino. Wasomaji wangu ni wanafunzi wenzangu wachache, na jina la mtu sitaji.

Juzijuzi niliandika kwamba nimemtengenezea yaya taa ya chooni kwake Flemingsberg inayowaka yenyewe akiingia, kwa sababu ana mimba, kila saa anakimbilia kutapika na swichi ya pale ni mbovu. Nikaongeza kwamba mama bado hajui. Yaya alikuwa ameniomba nifunge mdomo mpaka amalize mitihani, atamwambia mama mwenyewe. Anaogopa kanisa. Kuna binti pale kwetu alishika mimba kabla ya ndoa, wakamsimamisha mbele ya watu wote aombe msamaha, na mama yangu, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka mbele.

Sasa huyu mchungaji wetu. Anatoka Kenya, mtu wa suti na manukato. Mimi ndiye ninayemfungia spika. Siku moja akaniomba anwani ya blogu, ati aone kazi za kijana wake. Nikampa, tena nikajiona mtu.

Jumapili iliyofuata alimwita mama mbele, akamwekea mkono kichwani, akafumba macho.

"Mama, naona yaya. Mwanamke aliyekulelea watoto, si damu yako. Ana mimba ya siri. Naona taa zinawaka zenyewe akipita, bila mkono wa mtu. Huo ni uchawi, mama. Mtoe nyumbani mwako."

Watu wakapiga vigelegele. Mama akaanguka chini analia. Mimi nimesimama na waya wa kipaza sauti mkononi. Kwao Kenya, yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Alisoma habari yangu, akaielewa kikwao, akairudisha kwa mama yangu kwa jina la Mungu. Taa yangu ya vipande vya printa ikawa uchawi.

Na mama akajua mara moja ni nani. Nyumbani Uvira tuna Feza, aliyekuja kutulea sisi tukiwa wadogo. Tulipokimbia vita mama alimbeba yaya, Feza akanibeba mimi mgongoni. Leo ndiye anayemwogesha bibi yangu ambaye hainuki kitandani. Hana pengine pa kwenda. Mama alinunua kadi ya kupigia simu njiani tukitoka kanisani, akamwamuru mjomba amtoe Feza kabla ya Jumapili hii. Nikajaribu kusema kwamba neno yaya la mchungaji si yaya letu. Mama akanijibu kwamba shule imenitia kiburi, kwani mchungaji angejuaje habari za mimba kama si Roho? Jibu ninalo, ila nikilitoa nimemtaja yaya.

Nikamfuata mchungaji. Nilimkuta anakunywa kahawa, mashavu yamejaa keki ya mdalasini. Nikamwambia yale aliyoyasoma yanamhusu dada yangu, na mtu asiye na kosa anafukuzwa. Nilitegemea atakana. Hakukana hata kidogo.

"Kwani yaya si yule wa kulea watoto?" akaniuliza. Akafuta mdomo, akafikiri kidogo. "Mungu hatumii njia moja, kijana wangu. Basi huyo dada yako naye tutamwombea mbele ya kanisa. Lakini ile taa, unaweza kunitengenezea moja ya madhabahuni? Iwake mimi nikipita."

Jamani, nilipatwa na kinyaa ambacho sijawahi kukijua. Mkono alionishika nao begani akisema hayo niliusikia mpaka nilipofika nyumbani, nikavua koti nikalitia kwenye mashine ya kufulia. Blogu nimeifuta. Mtu huyu mama anamwita baba yake wa kiroho na kumpikia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Yaya nimemweleza yote. Amelia, ameniomba nimwachie siku chache tu, mtihani wa mwisho uko wiki ijayo. Siwezi kumlaumu. Lakini wiki ijayo Feza atakuwa ameshatolewa, na bibi yangu ataogeshwa na nani? Nikimwambia mama leo, mchungaji ameshasema atakachomfanyia dada yangu, na mama hajawahi kumkatalia.

Jana Feza alibipu, nikampigia. Hakulalamika. Alisema mjomba amemwambia anawasha taa za watu, naye hajaelewa, maana nyumba ile haina umeme. Kisha akauliza, kwa vile mimi ndiye ninayesomea mambo ya umeme, nimweleze amekosa nini.

Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini Feza?