Meno ya Bizari

Fundi Jamaldin alishona kanzu kwa miguu mitupu tangu ujanani. Chumba chake cha mbele kilitazama kichochoro cha Mji wa Kale, na charahani aliiweka chini ya dirisha ipate mwanga. Kiatu, alikuwa akisema, humziba fundi asilisikie kanyagio. Mguu mtupu unajua wenyewe wapi ukaze na wapi ulegeze, na shingo ya kanzu haitaki mguu wa kubahatisha. Hata alipopatikana na ugonjwa wa sukari, na daktari wa kliniki akamwonya asikae bila viatu, aliitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akavivua mlangoni.

Mkewe, Mwanaesha, alikuwa mtu wa Bondeni. Walizaa mtoto mmoja tu, Mahira, na Mahira alipoolewa akahamia mtaa wa Buxton, nyumba ikapooza. Kazi nayo ilipungua. Maduka yalijaa kanzu zilizoshonwa tayari, zinatoka ng'ambo zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, na vijana hawakuona haja ya kupimwa mabega na mzee. Jamaldin aliweza kukaa mchana kutwa akinyoosha nguo ile ile, hasemi neno. Kisha panya wakaingia, wakaitafuna kanzu ya bwana harusi iliyokuwa ikingoja kudariziwa. Hiyo ndiyo iliyomfanya Mwanaesha alete paka.

Alikuwa kitoto cha paka, wa manjano kama aliyenyunyiziwa bizari, na jina likawa hilo hilo. Mama yake alikanyagwa na tuktuk, ndugu zake wakafa mmoja mmoja kwenye boksi nyuma ya msikiti. Bizari alitolewa pale hajakoma kunyonya.

Mwanaesha alikulia katika nyumba yenye paka wengi, akajua mapema kwamba huyu angehitaji kuangaliwa. Watoto wa paka hufundishana wenyewe. Mmoja akimng'ata mwenziwe kwa nguvu, mwenziwe hupiga kelele, mchezo unaisha, na hivyo kila mmoja anajua kipimo cha meno yake. Bizari hakupata wa kumpigia kelele.

Badala yake alimpata Jamaldin. Kanyagio likipanda na kushuka, na vidole vya mguu vikienda nalo, kitoto kile kilijikunja chini ya meza, kikatikisa makalio, kikaruka. Kilikumbatia mguu, kikauma, kikapiga mateke kwa miguu ya nyuma. Jamaldin alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mwanaesha alikuwa jikoni akikuna nazi. Aliacha kukuna, akasikiliza. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile.

Alikwenda mlangoni. "Baba Mahira, usimchezee kwa miguu. Utamzoesha."

"Mwache, maskini. Meno yenyewe kama punje za mchele."

"Leo ni mchele. Kesho je?"

Jamaldin alivichezesha vidole, na Bizari akaruka tena. Mwanaesha alirudi kwenye mbuzi yake ya nazi. Alijua kwamba linalofanyika si zuri, na alijua kwamba mumewe anacheka. Alinyamaza.

Paka alikua. Meno ya utotoni yakatoka, yakaja ya kikwelikweli. Sasa alivizia kila mguu uliopita: wa Mwanaesha akienda msalani, wa Mahira akija kuwatazama, wa jirani akiingia kuomba chumvi. Jamaldin hakuwa na msimamo. Leo alimtania kwa vidole, kesho akiwa na haraka alimpiga kibao, na paka hakuelewa kosa lilikuwa lipi. Siku moja mteja wa zamani aliingia.

"Sabalkheri, fundi."

"Alkheri, karibu, karibu ndani."

Mteja alivua makubazi mlangoni, na kabla hajakaa, Bizari alimrukia kwenye kifundo cha mguu, akamchana ngozi. Mzee wa watu alipiga ukelele. Jamaldin, kwa aibu, aliichukua rula ndefu ya mbao ya kupimia nguo, akampiga nayo paka mgongoni mara kadhaa. Bizari alikimbilia chini ya kabati akashinda huko. Alipotoka alikuwa paka mwingine. Mkono ukimsogelea, hata wa kumpa samaki, aliupiga kucha kwanza.

Jioni ile Mwanaesha alisema kwa sauti ambayo mumewe aliijua.

"Rula hiyo ni ya kanzu. Usimpige tena, na usimchezee tena. Umemfundisha mguu ni kitu cha kuuma, kisha unamwadhibu kwa kuuma. Niachie mimi."

Alianza siku iliyofuata. Alifunga utepe wa kitambaa kwenye kijiti, akauburura sakafuni, akamwacha Bizari aukimbize, aurukie, aung'ate atakavyo. Alimchosha hivyo kila asubuhi, kisha akampa chakula, ili Jamaldin akikaa kwenye charahani paka awe amelala. Alimkata ncha za kucha kidogo kidogo, akimfunga ndani ya kanga ili asipaparike. Bizari akimuuma mkono, hakuuvuta, maana mkono unaokimbia humchochea paka aushike zaidi. Aliutuliza, akasema "Basi!" kwa mkato, kisha akaondoka chumbani na kufunga mlango, mchezo umekwisha. Akirudi, alimtupia utepe, si kidole. Naye mumewe, Mwanaesha alimnunulia soksi nene na viatu vya ngozi laini, na kila asubuhi, Jamaldin akiisha kuzivaa soksi, akamvisha viatu yeye mwenyewe.

"Unanifanya bwana harusi," alisema Jamaldin.

"Nakufanya mtu mzima."

Paka alianza kubadilika. Alikuja kunusa mkono kabla ya kuamua. Alipita karibu na miguu akaiacha. Mwanaesha alifurahi kimoyomoyo, akaona kazi yake inazaa matunda. Lakini kulikuwa na jambo lililomshinda kuelewa. Akitoka kwenda sokoni Marikiti, akirudi, paka amechemka upya, macho yamepanuka, anaruka hovyo, na siku nzima ya mafunzo imeharibika. Alidhani labda watoto wa jirani wanamchokoza dirishani.

Asubuhi moja alifika nusu ya njia akakumbuka kuwa hakuchukua kikapu. Aliporudi alisikia kicheko kabla hajafika mlangoni. Jamaldin alikuwa amekaa kwenye charahani, viatu na soksi pembeni, Bizari ameukumbatia mguu wa kushoto anautafuna. Kanyagio la chuma lilikuwa na damu. Sakafuni palikuwa na nyayo ndogo nyekundu za paka.

"Baba Mahira! Anakuuma!"

"Anacheza tu. Sisikii kitu."

Mwanaesha alimtoa paka, akapiga magoti, akauinua mguu ule. Hapo harufu ikampata. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo, kingo zake nyeupe, ndani pameiva usaha. Kuzunguka shimo lile kulikuwa na alama za meno, nyingine mpya na nyingine za zamani, zimegeuka nyeusi. Aliubonyeza wayo kwa ukucha wake, kwa nguvu.

"Unasikia hapa?"

Jamaldin alikuwa anatazama dirishani.

"Nimekuuliza, unasikia?"

"Sisikii," alisema. "Tangu mwaka jana sisikii."

Mwanamume aliyekataa viatu kwa ajili ya kulisikia kanyagio alikuwa amekanyaga mwaka mzima kwa macho tu.

Hospitalini walimlaza siku hiyo hiyo. Madaktari walieleza kwamba sukari ilikuwa imeua hisia za miguu na kuipunguzia damu, na meno ya paka yana uchafu unaoingia ndani sana, hivyo kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingepona, kwake kilikuwa kimeshuka hadi kwenye mfupa. Walijaribu dawa. Weusi ukapanda kutoka kidole hadi kwenye kifundo. Wakamwita Mwanaesha na Mahira wakawaambia mguu lazima ukatwe chini ya goti, la sivyo watampoteza mtu mzima. Jamaldin alitia kidole gumba cha mkono kwenye wino, akaweka alama kwenye karatasi ya idhini. Mahira alilia kwenye ushoroba mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, wewe uliona paka akichezewa kwa miguu," alisema. "Uliona toka mwanzo."

"Niliona."

"Kwa nini hukumkataza?"

"Nilimkataza. Sikumkataza vya kutosha." "Alikuwa anacheka, mwanangu."

Siku ya pili baada ya mguu kukatwa, Saif alikuja nyumbani. Huyu ni mdogo wake Jamaldin, wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu wa kumaliza mambo haraka. Alikuja na gunia.

"Shemeji, yuko wapi huyo nyau?"

"Unamtakia nini?"

"Nimtie baharini. Kamla ndugu yangu mguu, unataka akae hapa anywe maziwa?"

Bizari alikuwa juu ya kabati. Mwanaesha alisimama mbele ya kabati lile. Hakuwa amelala siku nyingi, na kwa kweli yeye mwenyewe usiku wa kwanza alimtazama paka yule akamchukia kiasi cha kutaka kumkaba kwa mikono yake.

"Shemeji Saif, sikiliza. Huyu hakuzaliwa akijua kuuma miguu ya watu. Tulimfundisha humu ndani, kwa kucheka. Ukimtia baharini, mguu utarudi?"

"Hautarudi. Lakini nitapumua."

"Basi kapumue nje. Kwangu hatoki mtu na gunia."

Saif aliondoka akiwa amekasirika, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena nyumba ile.

Wiki zile za hospitali Mwanaesha alimfundisha paka kama mtu aliyeamua kutolegeza tena. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kumtazama mumewe, utepe na kijiti. Kila jioni, hivyo hivyo. Sasa hapakuwa na mtu wa kuharibu nyuma yake. Bizari alijifunza upesi, upesi kiasi cha kumuumiza moyo. Baada ya muda si mrefu Mwanaesha aliweza kutembea chumba kizima miguu mitupu, akiburuta nyayo makusudi, na paka akamtazama tu, akageuka kujilamba. Mwanaesha alikaa chini pale pale akalia. Yote hayo yangewezekana kabla.

Jamaldin alirudi na magongo. Kigutu kilifungwa bendeji, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Walimweka kitandani, na Bizari akaja, akapanda, akanusa bendeji ile. Mwanaesha alisimama karibu, tayari. Paka alinusa, akajikunja kando ya goti, akalala.

Jamaldin hakumgusa. Alimsukuma kwa gongo, polepole, mpaka akashuka.

Ikawa ndiyo hali. Paka aliyekuwa mkorofi sasa ni mtulivu kuliko paka wote wa mtaa, na mtu aliyempenda kwa ukorofi wake hataki hata kumwona. Charahani ilibaki na kifuniko. Jamaldin alijaribu mara moja kushona kwa mguu wa kulia, amevaa kiatu. Mshono ukaenda upogo, uzi ukakatika, akaufunika mtambo. Aliacha kula vizuri. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wakampa pole, wakaondoka navyo.

Jioni moja Mwanaesha alikuwa akiosha mguu uliobaki, kama alivyofundishwa hospitalini: maji ya vuguvugu, kukausha katikati ya vidole, kutazama kila mahali. Jamaldin akasema, bila kuulizwa:

"Niliiona damu kabla yako."

Mwanaesha aliinua uso.

"Siku nyingi kabla. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni ya paka. Nikamtafuta jeraha, sikuliona. Nikajua ni yangu. Nikaifuta."

"Ukaifuta?"

"Kwa kile kitambaa cha mafuta ya charahani. Kila siku nilikuwa naifuta kabla hujarudi. Ningekwambia, ungenipeleka kliniki, wangeniambia niache kanyagio. Nikiacha kanyagio, mimi ni nani humu?"

Mwanaesha aliuweka mguu ule chini taratibu, juu ya taulo.

"Mimi nimebeba lawama hii," alisema. "Mwanangu amenilaumu, nikakubali. Ndugu yako hanisalimii. Nyau huyu alitaka kuuawa. Na wewe umelala hapo unajua."

"Nilikuwa najua."

Alimwaga maji uani, akakaa huko huko mpaka giza likaingia. Baada ya hapo hawakusemezana ila kwa mahitaji: chakula hiki hapa, dawa hii hapa. Alimuosha mguu kila jioni, hakuacha, lakini aliuosha kama mtu anayeosha sufuria. Jamaldin alivumilia. Alijua hana haki ya kudai zaidi. Mahira alipokuja aliwakuta hivyo; baba yake akamweleza alivyokuwa akiificha damu, naye akamwomba mama yake samahani kwa maneno aliyoyasema hospitalini, na Mwanaesha akamwambia yamepita, ingawa kwa sauti yake hayakuwa yamepita.

Kisha, asubuhi moja baada ya chai, Mwanaesha alikuwa akipembua mchele, Bizari amelala kwenye sinia tupu kando yake. Akasikia anaitwa. Hakuwa ameitwa kwa jina la mtoto kwa siku nyingi.

"Mama Mahira, hebu njoo."

Alikwenda. Jamaldin alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia ameupandisha juu ya paja, amekivua kiatu na soksi. Alikuwa ameshika kioo chake kidogo cha kunyolea ndevu, anautazama wayo kupitia humo. Jasho lilimtoka.

"Hapa kisiginoni pana wekundu," alisema. "Jana haukuwapo. Sisikii chochote, lakini upo. Tazama."

Mwanaesha aliinama akatazama. Wekundu ulikuwapo, mpana kama ganda la kombe, na katikati ngozi ilikuwa imeanza kulainika. Hakuuliza umetoka wapi. Huenda ulikuwa wa kiatu, huenda wa kulala upande mmoja.

"Umeuona saa hizi?"

"Saa hizi hizi. Nikakuita."

Alimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Alikuwa mtu mwenye hofu, amekonda, anangoja kuambiwa.

"Usiukanyage," alisema. "Kaa hivyo hivyo."

Alichukua buibui lake msumarini, akalivaa huku akienda, akatoka kutafuta tuktuk.