Mahindi ya Kuku

Jumanne ya pili ya Septemba, mwaka juzi, alikufa kuku wa mwisho wa marehemu mke wangu. Walikuwa thelathini na wawili, kuku wa mayai, na walikwisha kwa siku tisa. Mke wangu nilimzika Februari. Alipokuwa bado anaweza kuongea aliniambia, "Kuku wangu usiwauze mpaka wamalize kutaga." Nikasema sawa. Ni hilo tu aliloniomba, na sikuliweza.

Sehemu inayofuata sipendi kuiandika, lakini nikiiruka nitakuwa nadanganya.

Huku kwetu Songea, mahindi yakishapukuchuliwa tunayamwaga kwenye turubai na kuyachambua. Mazuri ni ya ugali. Yenye ukungu tunayaweka pembeni, tunayaita ya kuku. Mama yangu alifanya hivyo, na mke wangu pia. Mwaka ule mvua ilichelewa kukatika, nikavuna mahindi yana unyevu, na rundo la kuku likawa kubwa. Akapita mtaani kwetu Lizaboni dalali wa shamba kubwa la kuku lililo nje ya mji. Shamba hilo linasaga chakula chake lenyewe, kingine linauza madukani. Dalali alitaka mahindi mabovu. Nilijaza gunia, na kwa kuwa sikuwa na kamba nikalifunga mdomo kwa kipande cha kitenge cha marehemu. Nilifurahi kwamba hayatupwi.

Mwishoni mwa Agosti nilinunua chakula cha kuku dukani Mfaranyaki, mfuko wa shamba hilohilo. Siku chache baadaye kuku wakaanza kujikunyata na kuacha kula, kisha wakaanza kufa. Mtaalamu wa mifugo alipasua mmoja akanionyesha ini. Lilikuwa la njano, linavunjika vidoleni.

"Ni chakula, baba. Mahindi ya humu yameoza."

Nikamuuliza nani atawaambia wenye shamba. Akasema nianzie dukani. Dukani wakasema niende shambani. Shambani mlinzi akasema meneja hayupo, nirudi kesho. Kesho yake akasema hivyohivyo. Siku ya tatu nilipita getini bila kumsalimia, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga.

Gunia lenye kitenge lilikuwa pale, limeegemea ukuta pamoja na mengine mengi. Lilikuwa bado halijasagwa. Basi kuku wangu waliuawa na mahindi ya mtu mwingine, na yangu yalikuwa yanangoja kuua kuku wa mtu mwingine.

Mwanamume aliyekuwa akilisha mashine, kope nyeupe kwa unga, alinigeukia. "Shikamoo mzee. Huku hakuruhusiwi."

"Marahaba. Haya mahindi yana ukungu."

"Tunajua. Tukichanganya na pumba na dagaa, ukungu hauonekani."

"Na kuku wenu mnawapa?"

Akacheka. "Wetu wa nyama, mzee. Wiki sita wako kwenye sufuria. Wataumwa saa ngapi?"

Nilimwambia gunia lile ni langu, nalitaka. Akasema nililiuza, sasa ni mali ya shamba. Alisema kweli. Nikaondoka.

Njiani ndipo nilipomfikiria mama. Kuku wake walitembea uani, akiwamwagia mahindi walidonoa yanayofaa na mabovu wakayaacha chini. Wa mke wangu walikuwa bandani, wanakula unga. Unga kuku hawezi kuuchagua. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na jambo hilo sikuwahi kulifikiria.

Mwaka jana baada ya mavuno, pikapu ya dalali ilirudi mtaani. Nilikuwa nyuma ya banda tupu, nachimba shimo la kufukia mahindi yangu mabovu, karibu na nilipowafukia kuku. Jirani yangu, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alipita na ndoo ya mahindi mabovu kichwani.

"Shemeji, unazika chakula cha kuku?"

Nilimweleza yote, pamoja na habari ya gunia langu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuitua ndoo.

"Pole," akasema. "Lakini mimi yangu nisipouza, si watanunua kwa mwingine?"

Dalali akapiga honi. Jirani akaniambia kazi njema, akaenda na ndoo yake kwenye gari. Nikaendelea kuchimba.