Niliwatenganisha kwa Taarifa Yangu, na Wivu Bado Ninao

Admin, weka haya ila jina langu lisionekane. Nina miaka sabini na sita, mjane, naishi Chanika, Handeni. Wakati wa vijiji vya ujamaa nilikuwa bibi maendeleo: nasikiliza shida za watu vijijini, napeleka taarifa wilayani.

Upande wa Misima walihamia wanawake wawili, Mwanaidi na Stela, aliyekulia kambi ya mkonge Korogwe. Waliomba waandikwe kaya moja. Watu waliwaona marafiki tu. Mimi nilijua siku nilipowakuta uani, Mwanaidi anamtoa Stela mwiba mguuni, anampuliza, kisha akaubusu ule unyayo. Niligeuka bila kupiga hodi. Mume wangu hakuwa ananiuliza hata kama nimekula. Wivu uliniunguza, jamani.

Nikamwambia mkubwa wangu ofisini. Akasema, "Watu wa namna hiyo hatuwashauri, tunawatenganisha. Andika."

Nikaandika kwamba wanaharibu mabinti wa kijiji. Uongo mtupu. Stela akapandishwa lori kurudishwa Korogwe. Mwanaidi alinishika mkono akilia, "Bibi maendeleo, wewe ni mwanamke mwenzetu, tusemee."

Nikamjibu kama mtu aliyejaribu akashindwa, "Amri imetoka juu."

Alikatazwa kutoka kijijini. Alifariki miaka michache baadaye, kabla hawajaonana tena.

Mwezi uliopita nilienda Korogwe kutibiwa macho. Bibi mmoja kwenye benchi akanitambua kwa sauti yangu. Alikuwa Stela. Akanikumbatia. "Dada yangu! Mwanaidi alinitumia salamu kwamba ulijaribu kututetea. Mungu akubariki."

Sikumsahihisha. Akaniambia hakuishi na mtu mwingine maisha yake yote. Asubuhi nzima ilikuwa Mwanaidi alivyocheka, Mwanaidi alivyopenda kisamvu cha nazi. Nilipaswa kulia kwa aibu. Badala yake nikajikuta nawaza: mimi nikifa, nani atanitaja hivi? Niliishi na mume miaka arobaini na sikupata hata robo ya walichokuwa nacho wale wawili. Hata sasa, mmoja akiwa kaburini, namwonea wivu.

Stela amenialika kwake Ijumaa, anasema mimi ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka mwenzake. Nikisema ukweli, namnyang'anya hata huyo mmoja aliyebaki. Nikinyamaza, nitakaa kwake nikipokea shukrani za mtu niliyemwangamiza.

Wanangu, msinionee huruma, nielekezeni tu. Niende nikamwambie, au nisiende kabisa?