Babu Hayupo Ukutani

Mume wangu ni mwalimu wa historia, na wanafunzi wamembandika jina la Mwalimu Tarehe. Muulize vita fulani vilianza lini, atakujibu mpaka siku ya wiki. Muulize mimi nilizaliwa lini, anaanza kutafuta miwani.

Anavyovipenda kuliko vyote ni vile vita vya babu yake, baba wa mama yake, aliyechukuliwa jeshini akiwa kijana akafia ng'ambo. Ndivyo tulivyoambiwa. Marehemu bibi aliisema habari hiyo mpaka anaingia kaburini, na mume wangu akaibeba kana kwamba risasi ilimpiga yeye. Kila mwaka anamhadithia babu darasani mpaka wasichana wa mbele wanatoa leso.

Basi mwaka huu akapata nafasi ya kwenda ng'ambo na walimu wenzake kuzuru makumbusho ya vita. Yeye alikuwa na shida moja tu: alione jina la babu ukutani, aliguse kwa mkono wake, arudi amwambie mama yake.

Alirudi shingo imekwama. Haki ya Mungu, nilimpokea uwanja wa ndege anatazama dari. Kumbe kuta za huko zimeandikwa majina toka chini mpaka juu, na bwana mkubwa kayasoma yote. Ya juu kabisa alipandia benchi, mlinzi akampulizia filimbi. Akashuka, akasubiri mlinzi aende kunywa chai, akapanda tena.

"Na babu je?" nikamuuliza huku namkanda shingo.

"Hayupo! Wameandika mpaka wapishi, mke wangu. Hata farasi wana sanamu yao! Babu yangu tu ndiye hawakumwona?"

Halafu akapoa. Akaniambia aliwakuta watoto wa shule wanakimbizana kati ya makaburi ya askari waliozikwa hapo, akawafokea. Ndipo akasoma umri kwenye mawe, akaona waliolala pale wengi wao ni sawa na kidato chake cha nne. Akawaacha wakimbie. Nilimwonea huruma sana, ila huruma yenyewe haikudumu.

Jumatatu asubuhi akatoka chumbani amevaa suti ya harusi yetu, tai imefuata shingo ilikopinda. Anakwenda ubalozini kudai babu aandikwe, na akitoka huko anawaita waandishi wa habari. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa mezani anakunywa chai. Akamshika mkono wa koti.

"Mwanangu, usiende."

"Mama, ni haki yako! Ni baba yako yule!"

"Kaa kwanza. Vita viliisha lini?"

Akataja mwaka, mwezi, siku, na saa akaongeza.

"Na babu yako alikufa lini?"

"Miaka miwili kabla ya hapo."

"Na mimi nilizaliwa lini?"

Mwalimu Tarehe akafungua mdomo. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili. Kinyozi hajinyoi, jamani! Miaka yote ya kula vumbi la chaki, hesabu ya mama yake mwenyewe hajawahi kuipiga. Nami ninayemcheka, nilikuwa wapi?

"Mama," akasema kwa sauti ya mtoto, "wewe ulizaliwa vita vimeshaisha."

"Enhe. Sasa marehemu angenizaa vipi?"

Ndipo akatueleza. Babu alitoroka jeshini. Alirudi kimyakimya, bibi akahama naye hadi mji wasikojulikana. Kwa kuogopa kukamatwa akabadili jina, akajifanya kaka yake bibi, akakaa chumba cha uani anashona suruali za watu mpaka alipokufa.

Mume wangu akaruka. "Mjomba Fundi? Aliyekuwa akinibeba mabegani? Aliyekuwa akiingia chini ya cherehani kila akiona mtu mwenye kofia ya serikali?"

"Huyo huyo."

"Alimkimbia hata msoma mita ya maji!"

"Huyo ndiye aliyemwogopa kuliko wote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa na mdomo. Ulipokua ukamfanya shujaa mbele ya watoto wa watu. Ningeanzia wapi?"

Loo, mwenzangu alikasirika! "Mwoga! Nimevunja shingo kumtafuta mwoga!"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wewe umelelewa kwenye kicheko, na bado unanuna."

Ubalozini hakwenda tena. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, kisha akaomba twende kaburini, tukaenda sote watatu. Kaburi la Mjomba Fundi liko nyuma ya gereji, saruji imepasuka, na jina lililoandikwa si lake. Mume wangu akasimama shingo upande, akamfokea mzee kwanza: uongo wako, aibu yako, umenifanya kichekesho! Mama mkwe anaitikia, "Mwambie, mwambie." Halafu maneno yakamwishia. Akapiga magoti na suti yake, akalia mpaka mafundi wa gereji wakazima redio.

"Asante kwa kukimbia, babu," akasema.