Pikipiki Iliyoniita Mwizi Ukweni

Chekeni tu, Busia yote imeshacheka, upande wetu wa Uganda na ule wa Kenya, na mimi mwenyewe nikikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie na pikipiki yangu.

Hiyo pikipiki ni ya umeme. Mwanzoni ilikuwa na ufunguo wa kawaida, unazungusha unakwenda, halafu wakaja wawekezaji (sisi hatujawahi kuwaona, tunawasikia tu), wakaiambia kampuni hawaongezi pesa mpaka kila pikipiki iunganishwe na simu ya dereva, ili wao huko waliko waone kila moja iko wapi. Basi simu ikawa ndiyo ufunguo. Mwalimu wa kampuni akatuonya, "Ukitoa laini uliyojisajili nayo, pikipiki itajua simu imeibiwa." Nikamwambia, "Mwalimu, sisi watu wa mpakani, laini tunabadilisha kama shati!" Akasema hilo wawekezaji hawakuuliza.

Halafu kila mtu akaweka swali la siri la kumtambulisha. Langu: unampenda nani kuliko wote? Nikaandika Athieno, msichana wa Nagongera niliyekuwa naye wakati ule. Tukaachana, nikasahau (jibu, jamani, si msichana. Aa, na msichana pia. Tuendelee).

Sasa ikafika siku ya kujitambulisha kwa kina Nafula, mchumba wangu mpya, upande wa Kenya. Baba yake alikuwa amesema waziwazi kwamba watu wa boda ni wahuni na binti yake hampi mhuni, kwa hiyo siku hiyo ndiyo ya kupewa mke au kunyimwa. Nikaingia uani kimya kimya, pikipiki haina mlio, mzee akaitazama akasema, "Hii ina adabu." Moyo wangu ukatulia kabisa. Mama mkwe alikaa mbali, amenipa mgongo, maana kwa mila yetu mkwe hamkaribii na jina lake halitamki hata kwa bahati mbaya.

Lakini baba yangu mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa amepotea njia. Nikatoa laini ya Uganda, nikaweka ya Kenya nimpigie kwa bei nafuu. Hicho tu ndicho nilichofanya!

Mzee wa kanisa anaanza kuombea chakula, nikasikia kutoka kwenye spika ya pikipiki: "Mwizi! Mwizi! Mwizi!" Halafu sauti ya dada wa ofisini: "Wewe mwizi, tunakuona. Uko karibu na banda la kuku." Watu wote wakageuka kulitazama banda la kuku, na aliyesimama hapo ni mimi.

"Dada, ni mimi Wandera, mwenye pikipiki!"

"Wezi wote husema hivyo. Jibu swali lako. Unampenda nani kuliko wote?"

Nikamshukuru Mungu kwa swali rahisi namna hiyo. Nikasimama wima, nikamtazama Nafula, nikasema kwa sauti, "Nafula!" Wanawake wakapiga vigelegele.

"Siyo," dada akasema. "Umebakiza nafasi moja, kisha naita polisi."

Vigelegele vikakatika. Hapo ndipo nikakumbuka. Nikainamia spika, nikanong'ona.

"Sikusikii, ongea kwa nguvu!"

Mungu wangu. "ATHIENO!"

"Sahihi kabisa, ndugu Wandera. Samahani kwa usumbufu, uwe na siku njema."

Nafula akaingia ndani, mlango ukafungwa pwaa! Baba yake akanitazama weee, kisha akasema, "Kijana, afadhali ungekuwa mwizi." Na hapo ndipo baba mdogo akatokea, anatoka jasho, anacheka: "Tumefika! Wameshakubali?"

Nilisukumwa nje kwa heshima. Nilipokwenda ofisini kulalamika, wakaniambia wawekezaji wamefurahi sana kuona mfumo unafanya kazi. Nikaomba msamaha ukweni mpaka magoti yakaota sugu, na mwisho wakanipa Nafula, lakini kwa sharti moja, kwamba hilo jibu alibadilishe yeye mwenyewe. Nikampa simu kwa mikono miwili. Akaandika, akanirudishia, akatabasamu.

Ameweka jina la mama yake.

Kwa hiyo ndugu zangu, mimi laini sibadilishi tena mpaka nife. Nikitaka kupiga Kenya, naazima simu ya mtu.