Jina Kwenye Karatasi ya Kura

Kikundi chetu kilinipata kwa sababu ya pazia. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kidugala aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Makambako, akiwa na vitenge vitatu vilivyochuja rangi, akataka nimshonee kitu ambacho sikuwahi kushona: chumba kidogo cha kitambaa, chenye pande tatu, cha kusimamishwa kwa fito na kukunjwa kikaingia kwenye mfuko wa salfeti.

"Cha kuogea?" nikamuuliza.

"Cha kupigia kura," akasema, wala hakucheka.

Akanieleza. Walikuwa watu sita, wanajitolea tu, wana barua ya kibali iliyogongwa muhuri, wanazunguka Makambako, Njombe na vijiji vya karibu kuwaeleza watu namna ya kujiandikisha, namna ya kupiga kura, na kwa nini mkutano wa kijiji si wa wazee wa kamati peke yao. Hawakuwa wa chama chochote. Walitaka watu wajaribu kupiga kura kwa mazoezi, na mtu hawezi kufanya mazoezi ya siri bila pazia.

Nilishona kwa siku mbili. Alipokuja kuchukua, nikamwomba nifuatane nao Jumamosi moja nikaone kazi yangu inavyosimama. Sijatoka tena kwenye kikundi hicho.

Jambo moja sikumwambia mwalimu siku ile. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na sikuwahi kupiga kura hata mara moja. Si kwamba nilikuwa na hasira na mtu. Kila uchaguzi ulipofika, nilikuwa na sare za shule za kumaliza, au mtoto anaumwa, au sikujiandikisha kwa wakati, na mwishowe nikazoea kuona kwamba hilo ni jambo la watu wengine wenye nafasi.

Mazoezi yetu yalikuwa ya vyakula. Mmoja wetu, muuguzi wa Ilembula aliyekuja siku zake za mapumziko, alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Alitengeneza karatasi za kura zenye wagombea wanne: kiazi, hindi, harage na parachichi. Pembeni ya kila picha kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama ya vema. Unapewa karatasi, unaingia nyuma ya kitenge, unaweka alama moja, unakunja, unatumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Kisha tunahesabu mbele ya wote.

Mara ya kwanza, kwenye soko la Njombe, tulikaribia kurudi na karatasi zetu zote.

"Chama gani?" watu waliuliza.

"Hatuna chama."

"Basi mnagawa nini?"

"Hatugawi kitu."

Wakaondoka. Tulisimama pale na masweta yetu, ukungu haujapanda, mwalimu akirudia maneno yale yale kwa watu waliokuwa wanapita. Kilichotuokoa ni mzee mmoja mkulima wa parachichi. Alisimama kutazama, akasikia kwamba kiazi kinaongoza kwa kura nne, akakasirika kabisa. Akaenda kuwaita wenzake. Wauza viazi walipoona hivyo nao wakaitana. Saa tano haijafika tulikuwa na foleni. Kiazi kilishinda, na yule mzee akadai kura zihesabiwe upya. Tukahesabu upya mbele yake, moja moja, mpaka akaridhika kwamba parachichi limeshindwa kihalali.

Kura nyingi ziliharibika. Wengine waliweka alama nne, kwa maelezo kwamba vyote ni chakula. Mwalimu alizoea kuinua kila kura iliyoharibika, kuwaonyesha watu kosa, na kutia utani kidogo ili wacheke na wakumbuke. Alikuwa anajua kufundisha. Watu walicheka, na waliofuata hawakurudia kosa.

Ndivyo alivyofanya pia kwenye kijiji kimoja upande wa Kifanya, katika darasa la shule ya msingi ambalo mtendaji wa kijiji alituazima. Watu walijaa, wamekaa watatu watatu kwenye madawati ya watoto. Mwalimu akafungua karatasi moja, akaitazama, akainua.

"Hii nayo imeharibika! Huyu kachagua hindi vizuri, lakini chini kaandika jina lake zima. Labda alitaka hindi limjue!"

Darasa likacheka. Katika kicheko kile akasimama mama mmoja mtu mzima sana, kitambaa cheupe kichwani, khanga mbili mabegani kwa ajili ya baridi.

"Mwalimu, hiyo ni yangu."

Kicheko kikapungua.

"Nimeandika vibaya?"

"Hapana, bibi. Mwandiko wako ni mzuri sana," mwalimu akasema, na sauti yake ikawa imebadilika. "Ila kura yenye jina haihesabiwi. Kura ni siri. Jina likiwepo, atakayehesabu atajua nani kamchagua nani."

"Hata ile ya kweli?"

"Hata ile ya kweli."

Niliona vidole vya yule bibi vikigusana, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu kitu. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mimi huandika kila uchaguzi. Tangu nilipojua kuandika."

Wanaume wawili nyuma walicheka tena kidogo, wakanyamazishwa. Bibi akafunga khanga yake vizuri, akapita kati ya madawati, akatoka.

Tukiwa ndani ya gari tulilokodi kurudi Njombe, mwalimu alikaa mbele, akitazama barabara mpaka tulipofika kwenye msitu wa misindano. Hapo akageuka akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Nimemwaibisha mama wa watu," akasema. "Miaka yote hiyo alikuwa anaandika kwa heshima yake, mimi nimemgeuza kichekesho."

"Turudi," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata tukarudi, mimi na yeye tu. Tulimkuta ametoka misa, amekaa jikoni karibu na moto, anachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu alimsalimia kwa Kibena, "Kamwene," naye akaitikia, lakini hakutukaribisha kwenye kigoda mpaka alipokwisha kututazama vya kutosha.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Kaeni."

Mwalimu hakuzunguka. "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Lile la darasani halikuwa la kuchekea."

Bibi aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Kisha akatueleza, polepole, akimwelekea zaidi mwalimu. Alipokuwa kijana hakuenda shule. Kila penye karatasi, wengine walimshika dole gumba wakalibonyeza kwenye wino, akaondoka bila kujua amekubali nini. Alipokuwa na watoto wanne alijiandikisha kwenye madarasa ya watu wazima. Kitu cha kwanza alichojifunza kuandika kilikuwa jina lake, na alilifanyia mazoezi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko hilo hilo tulimokaa, mpaka mumewe akalalamika kwamba nyumba inachafuka.

"Nikasema, sasa sibonyezi tena dole," akasema. "Uchaguzi ulipokuja nikaandika jina. Nilidhani wanaohesabu wakiliona watajua kwamba na mimi nilikuja. Sikutaka nichanganywe tu na watu."

Akatoa jiwe jingine. "Kumbe walikuwa wananitupa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mimi nilitafuta la kumwambia, na sikupata lolote ila lile nililokuwa nimelificha kwa miezi yote ile.

"Bibi," nikasema, "mimi sijawahi kupiga kura kabisa."

Akaacha maharage. "Wewe? Unayekuja kutufundisha?"

"Mimi."

"Hata iliyoharibika?"

"Hata iliyoharibika."

Alinitazama, akamtazama mwalimu, ambaye naye alikuwa amenitolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi ungo ukayumba na maharage yakamwagika, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akatazama tena uso wangu, akaanza upya. Mwalimu naye akashindwa kujizuia. Mimi niliona haya, lakini ilikuwa haya nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo akagundua ulivyokuwa unamuumiza bega.

"Basi kaa ule," akaniambia. "Wewe una hali mbaya kuliko mimi."

Tulikula ugali na maharage ya jana, na mwalimu akapewa kikombe cha ulanzi, pombe iliyogemwa kwenye mianzi ya nyuma ya nyumba. Kabla hatujaaga, bibi akauliza swali ambalo naona alikuwa ameliweka tangu mwanzo: kama jina haliandikwi kwenye kura, linaandikwa wapi? Mwalimu akamweleza kwamba kuna orodha ya wapiga kura, na siku ya kujiandikisha kila mtu anaweka sahihi yake mbele ya mwandikishaji. Asiyejua kuandika ndiye anayeweka dole.

"Hapo ndipo watakapojua umekuja," mwalimu akasema.

"Mngesema mapema," akajibu.

Wiki ya uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa, alifika kituoni siku ya kwanza. Muuguzi wetu alikuwepo akisaidia kuwaelekeza watu, na ndiye aliyenisimulia: bibi alichukua kalamu ya mwandikishaji, akaandika jina lake lote bila kukatisha, watu wakisubiri nyuma yake, na mwandikishaji hakumharakisha. Siku hiyo hiyo nami nilifunga kibanda saa nne, nikaenda ofisi ya mtaa wangu Makambako, nikajiandikisha. Ilinichukua muda mfupi kuliko kutia zipu kwenye suruali.

Baada ya hapo bibi alifuatana nasi kwenye vitongoji viwili vya jirani. Hatukumwomba. Alipanda gari, akakaa mbele. Tulipokwisha kusimamisha pazia, yeye ndiye aliyeanza kusema, kabla ya mwalimu.

"Mimi nimeharibu kura miaka mingi kwa mikono yangu mwenyewe," aliwaambia. "Nisikilizeni, msije mkafanya kama mimi."

Walimsikiliza. Sisi na barua yetu ya muhuri hatukuwahi kusikilizwa namna ile. Wanawake waliokuwa wakikaa nyuma walisogea mbele, na mmoja akakiri kwamba yeye hukunja karatasi bila kuweka alama, kwa kuogopa kukosea. Katika kitongoji cha pili ilipatikana kura moja tu iliyoharibika, na mwalimu aliieleza bila utani.

Siku ya uchaguzi nilipiga kura Makambako asubuhi. Niliisoma karatasi yote kana kwamba sikuwahi kulifundisha jambo hilo. Niliweka alama, nikaitazama mara mbili, nikakunja. Nilikuwa kwenye cherehani simu ilipolia.

"Nimetoka sasa hivi," bibi akasema. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Imekuwaje?"

"Mkono ulitaka kuandika. Umezoea. Nikaushika kwa mkono wa pili."

"Na?"

"Ukatulia. Nikakunja, nikatumbukiza." Kisha akauliza, "Na wewe?"

"Nimepiga, bibi."

"Ya kwanza!" akasema kwa furaha, kana kwamba nimejifungua. "Haya, hongera."

Mwezi uliofuata tulialikwa kwenye mkutano wa kwanza wa kijiji chake, tukakaa pembeni kama wageni. Watu walikuwa wengi kuliko madawati. Bibi alinyoosha mkono akauliza kwa nini bomba la maji linaishia kwa mtendaji. Mwenyekiti mpya alijikuna shingo, akasema litaangaliwa. Bibi hakukaa. Akauliza litaangaliwa na nani. Ikabidi ichaguliwe kamati ya watu watano pale pale, kwa kunyoosha mikono, naye akawa mmoja wao. Tulipokuwa tunaagana nje, manyunyu yakianza, alikuwa tayari amewashika wenzake wawili wa kamati, anawaeleza kwamba kesho saa mbili watakutana kwenye lile bomba, na atakayechelewa atawakuta wamekwisha kuanza.