Fundi Soli na Laini Isiyo na Kadi

Mpelekee Fundi Soli kiatu kipya kabisa, bado kina karatasi ndani, umwambie ni ngozi halisi. Hatabishana nawe. Atakikunja, atakinusa, atapitisha ukucha kwenye mshono, kisha atakutazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Maandishi ya kwenye sanduku hayamwingii akilini hata kidogo. Kuna mteja aliwahi kumwonyesha risiti ya duka kubwa, na muhuri juu yake. Fundi aliipokea risiti kwa heshima zote, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Mteja aliondoka amenuna. Alirudi baadaye na soli mkononi.

Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainame. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na ukidhani hilo limemfanya mpole, basi hujawahi kugombana naye: anagombana kwa mikono yote miwili, na nyusi zinasaidia. Mbele ya benchi ametundika kioo ili amwone anayeingia nyuma yake, na swichi ya taa iko mlangoni, mteja anaizima na kuiwasha badala ya kubisha hodi. Kila neno lake katika habari hii alilisema kwa mikono. Hapa limeandikwa tu kama maneno ya watu wengine, maana hata yeye hapendi kutengwa.

Nyumbani ana mke mwenye masikio makali na presha isiyotaka mchezo, na binti mmoja. Binti huyo aliongea kwa mikono kabla hajaota meno. Alipokuwa wa kufika kiunoni tu, ndiye aliyesimama kati ya baba yake na dunia: benki, hospitali, kwa mwenye nyumba. Siku moja mwenye nyumba alimtukana Fundi. Mtoto akalitafsiri tusi lote bila kupunguza hata nukta, kisha akatafsiri na jibu la baba yake vilevile. Mwenye nyumba alishika adabu tangu siku hiyo.

Alipokua, alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, upande wa mashine za kupiga pasi. Kila jioni alipiga simu ya video. Aliiegemeza simu mahali ili mikono iwe huru, wakapiga soga na baba yake mpaka mama aseme chakula kimepoa.

Halafu mkono wa kulia ukapotea.

Jioni ya kwanza alisema ameshika kikombe. Jioni iliyofuata alikuwa anashikilia pazia, eti linaanguka. Baadaye akasema kuna baridi, mkono uko mfukoni. Sasa jamani, mtu wa lugha ya mikono kuweka mkono mfukoni si sawa na wewe kuongea na mzazi wako huku umejiziba nusu ya mdomo? Neno "nyumba" linataka mikono miwili iungane juu kama paa. Binti alionyesha upande mmoja wa paa, akaendelea na hadithi yake kana kwamba nyumba za siku hizi ndivyo zinavyojengwa. Mama yake alikuwa jikoni akimsikia, na sauti ilikuwa nzima, yenye kicheko, basi akaridhika. Fundi aliutazama ule ukingo wa kioo cha simu ambako mkono ulipaswa kuwepo.

"Mkono una nini?" alimuuliza.

"Hauna kitu, Baba. Umechoka tu."

Mkono gani unaochoka wiki tatu? Fundi hakumwambia mkewe, maana presha ile ingepanda mpaka kwenye dari. Alimwambia tu, "Nataka kwenda kumwona mtoto." Viza alikuwa nayo, kwa mwaliko wa binti mwenyewe, ila alikuwa akiahirisha kila viatu vya wateja vilipojaa. Binti aliposikia, akaanza kujiumauma: baridi kali, nyumba ndogo, labda asubiri kidogo. Mtoto aliyelia mwaka mzima "njoo, Baba, njoo," leo anasema subiri! Fundi akakata tiketi.

Kilichomtisha hakikuwa ndege. Kilikuwa kaunta. Miaka ya nyuma aliwahi kuvuka mpaka mmoja kwa basi kwenda kutafuta ngozi. Ofisa akauliza swali, Fundi akampa karatasi aliyokuwa ameiandika vizuri kabisa, ila kwa lugha ambayo ofisa hakuijua. Ofisa akauliza tena kwa ukali, Fundi akaonyesha masikio, ofisa akadhani anadharauliwa. Aliwekwa kwenye benchi kutwa nzima, kisha akarudishwa alikotoka na basi lile lile. Safari hii akirudishwa, atarudi bila kuuona ule mkono. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Binti naye, pamoja na siri yake, hakutaka baba ateseke. Akampa mpango. "Nitakununulia laini ya huku, isiyo na kadi, wanaiita eSIM. Inaingia kwenye simu kwa kuupiga picha msimbo, kimraba cha madoadoa nitakachokutumia. Ukishuka tu unanipigia video, na mimi nakuwa mdomo wako pale kaunta. Maduka ya laini yako nje, baada ya kukaguliwa, na intaneti ya bure ya uwanjani inataka namba inayopokea ujumbe. Bila laini hii utafika kaunta mikono mitupu." Kisha akaongeza, "Ila hakikisha kwanza kama simu yako inaikubali. Msimbo wenyewe hutumika mara moja tu."

Hapo ndipo alipoingia shemeji. Ni mdogo wa mkewe, mtaa mzima unamwita Najua, na sababu haihitaji kuelezwa. Ni mtu mwema sana, tatizo lake ni kwamba jibu humtoka kabla swali halijamaliza safari. Kwa lugha ya mikono ana kigugumizi: vidole vinagongana, anaomba chumvi anapata ngazi. Kwa hiyo dada yake humsaidia kutafsiri.

"Simu yako inaikubali, Shemeji. Najua. Nimeangalia mtandaoni, jina lake limo kwenye orodha."

"Aliyeandika orodha hajaiona simu yangu," Fundi akasema.

"Lakini jina ni hilo hilo!"

Fundi akainuka, akarudi na buti mbili, kampuni moja, jina moja, saizi moja. Akazikunja mbele ya uso wa shemeji yake. Moja ilikuwa imeshonwa, nyingine imegandishwa kwa gundi na tayari inafunua kinywa. "Jina lilikwambia nini hapa?"

"Mwambie viatu ni viatu na simu ni simu," Najua akamwambia dada yake.

"Mwambie mwenyewe, amekuona," dada akajibu, akicheka.

Basi wakaijaribu. Binti alikuwa amewaelekeza: bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, kama unayepiga simu. Simu yenye nafasi ya laini hiyo itaonyesha namba ndefu, mbele yake herufi EID. Fundi akabonyeza kwa kidole chake kipana chenye alama za gundi. Zikatokea namba mbili za simu yenyewe, na chini yake pakawa peupe. Wakaingia kwenye mipangilio, kwenye mambo ya laini: nafasi ya kadi ya kwanza, nafasi ya kadi ya pili, basi. Popote hapakuandikwa ongeza eSIM. Najua akaizima simu, akaiwasha. Akaitoa kadi, akapuliza tundu lake, nafsi yake ijisikie imefanya kitu. Wapi!

Wakaenda wote watatu mpaka kwa muuza simu, ghorofa ya kwanza ya jengo lenye kibanda cha Fundi. Muuza simu aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya mgongoni, akasema simu za jina hili hutengenezwa za aina mbalimbali kulingana na soko. Hii ni ya kadi mbili, na kile kifaa cha ndani hawakukiweka. Hakuna cha kupakua wala kusasisha kitakachokileta.

"Najua," alisema Najua, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Mke wa Fundi aliposhuka kwenda sokoni, Fundi alimshika shemeji yake begani, akamgeuza wakatazamana. Akamwambia polepole, ishara moja moja, kama anayefundisha: mtoto, mkono wa kulia, ananificha, dada yako hajui. Na yule mtu wa kigugumizi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuelewa sentensi mara ya kwanza, alielewa yote mara ya kwanza. Uso ulimshuka. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza mwenyewe: nyota, reli, sifuri, sita, reli. Ile namba ndefu ikatokea, na herufi zake mbele. Akamwomba muuza simu aangalie kama haikufungwa kwa kampuni moja tu, na muuza simu akathibitisha kwamba iko huru.

"Simu si sufuria ya kuazimana," Najua akanung'unika, huku machozi yanamlengalenga. Akatoweka nayo. Aliporudi ilikuwa imefutwa kila kitu, hata picha ya mbele hakuna. Akaikabidhi kwa mikono miwili, akachukua ile ya Fundi isiyo na kile kifaa. Dada yake alipomuuliza jioni mbona amekuwa mkarimu ghafla, alijibu, "Najua ninachofanya," na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema kweli tupu.

Fundi hakuishia hapo. Mtu wa kukunja soli akubali neno la muuza simu? Aliufungua msimbo aliotumiwa na binti kwenye simu yake ya zamani, mkononi mwa Najua, akaupiga picha kwa simu ya Najua kwa kutumia intaneti ya muuza simu, akasubiri mpaka laini ikaingia na jina lake likasomeka. Akaizima simu, akaiwasha, akatazama kama bado imo. Ilikuwemo. Mkewe alipomwona akifanya hivyo mara ya nne aliuliza kama anakwenda kumtembelea mtoto au kuitembelea simu.

Ndege ilipotua, Fundi alisimama kando ya ukuta, watu wakimpita na mabegi yao, akaiwasha ile laini kama alivyoelekezwa. Hakukuwa na kitu. Akaruhusu data za ng'ambo. Bado hakukuwa na kitu, na jasho likamtoka na baridi yote ile. Kisha vile vijiti vya mtandao vikasimama kimoja, vikasimama vyote. Akapiga video. Binti akatokea, yuko ukumbi wa kupokelea wageni, simu ameiegemeza kwenye kitoroli cha mizigo, mkono wa kushoto juu hewani ukimpungia kama bendera. Wa kulia haukuwepo.

Ofisa wa kaunta alikuwa mwanamke mwenye miwani. Alisema kitu. Fundi akaonyesha masikio, kisha akaonyesha simu, na sauti ya binti ikatoka humo ikieleza. Ofisa akaitikia kwa kichwa, akaruhusu simu isimamishwe kwenye kioo. Akauliza swali lake.

"Anauliza umekuja kufanya nini," binti akasema kwa ule mkono mmoja. "Sema kutembea tu, Baba, nimjibu."

Fundi alikuwa na mikono yote miwili huru, akaitumia. "Mwambie nimekuja kuuona mkono wa kulia wa binti yangu. Umeumia, na ananificha."

Mkono wa kushoto ukasimama hewani. Binti angeweza kusema lolote. Nani pale angejua? Ofisa haelewi ishara, baba haelewi lugha ya ofisa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma, na ofisa akauliza tena. Fundi aliona midomo ya mwanawe ikifunguka, ikisema sentensi nzima, pole pole, mpaka mwisho. Alijua ameitafsiri kama ilivyo, kwa sababu ofisa aliivua miwani.

"Anauliza ulijuaje," binti akasema, uso umelowa.

"Mwambie nina macho."

Ofisa akagonga muhuri.

Fundi alimkuta binti amesimama kwenye mlango wa kutokea, koti kubwa, mkono mmoja ndani yake. Fundi hakumkumbatia kwanza. Aliweka begi chini, akakunjua kiganja chake, akangoja. Binti akautoa. Ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kifundo mpaka vidoleni, dole gumba peke yake likichungulia nje, jekundu, ngozi yake mpya. Mashine ya pasi. Fundi akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza kwa uangalifu, akamwashiria kwa kidevu: usogeze. Dole gumba likasogea. Kisha ndani ya bandeji, kwa shida, vidole vingine vikasogea kidogo, vyote. Hapo Fundi Soli, ambaye mtaani kwake watu wanasema hajawahi kulia, alilia mbele za watu.

"Niliogopa ungekuja," binti akasema.

"Ndiyo maana nimekuja."

Kisha, kama afanyavyo kwa kila binadamu, akatazama chini kwenye viatu vya binti. Kamba zilikuwa hazijafungwa. Zilikuwa zimechomekwa pembeni ovyo, kwa sababu hakuna mtu anayefunga kamba kwa mkono mmoja, na mtoto huyu alikuwa amekwenda kazini na kurudi hivyo, kwenye sakafu zenye maji, bila kumwomba mtu yeyote. Fundi akapiga magoti katikati ya mlango ule wa kutokea, akazitoa, akazinyoosha, akazifunga kiatu kimoja, halafu cha pili. Abiria ilibidi wawapitie pembeni.